Lifti Iliyokabidhiwa

Daktari alimwambia Rangel Mitov asinyanyue tena kitu chochote kinachozidi kilo tano. Rangel akacheka kwa adabu, kwa sababu binti yake alikuwa na kilo hamsini na mbili, na kila aliposhuka kutoka ghorofa ya saba alishuka akiwa mgongoni mwa baba yake.

"Sioni cha kuchekesha," daktari alisema. "Ngiri imefunguka pande zote mbili. Ikijikaza, utaletwa hapa kwenye machela, au usifike kabisa. Hakuna mwingine nyumbani wa kumbeba?"

"Yuko mke wangu. Naye ana kilo hamsini na nane."

"Basi binti akae juu mpaka lifti itengenezwe."

Lifti ya jengo la kumi na nne, mlango wa pili, ilikuwa imekufa kwa miaka sita. Wakazi wa ghorofa za chini hawakutaka kuchangia kitu wasichokitumia, na wa ghorofa za juu peke yao hawakuziweza gharama. Mwaka uliopita manispaa ilitangaza kwamba itaibadilisha yote kwa fedha za mradi wa watu wenye ulemavu. Wakaja mafundi wawili, wakafunga mlango mpya wa chuma pale chini na kibao chenye vitufe, wakanywa kahawa kwa Bibi Tsena wa ghorofa ya kwanza, wakaenda zao. Ukibonyeza kitufe, taa nyekundu iliwaka, lakini hakuna kilichoshuka.

Rangel alipanda ngazi zote akiwa ameshika nyonga, akipumzika kila ghorofa. Alimkuta binti yake, Kremena, jikoni mbele ya kompyuta. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Misuli ya miguu ilianza kumwisha akiwa na miaka kumi na minne. Mikono ilikuwa bado na nguvu, na ulimi pia.

"Kasemaje?"

"Kasema niko kama fahali."

"Baba."

"Kilo tano," Rangel alisema akijitupa kitini. "Mwisho tano. Nikitaka kukushusha itabidi nikukate vipande kumi."

"Kumi na kimoja. Umesahau kichwa, na changu ni kizito."

Walicheka kidogo tu, maana wote wawili walikuwa wanafikiria jambo lile lile. Tarehe mosi Oktoba Kremena alitakiwa kuanza kazi kwa mhasibu Nedyalka, mtaa wa nyuma ya posta. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Nedyalka alikuwa ameshavunja kizingiti cha ofisi na kununua meza fupi ya kumfaa. Kazi ile haikuweza kufanyika nyumbani: makaratasi ya wateja hayakuruhusiwa kutoka nje ya mlango wa ofisi. Na sasa ulikuwa mwezi wa nane.

"Hebu soma hapa," Kremena alisema, akaigeuza kompyuta. "Nilikuwa natafuta nimwandikie nani kuhusu lifti. Hii ni tovuti ya manispaa. Sheria inawalazimisha waweke mikataba yao yote hapa."

Rangel alisogeza uso, akaurudisha nyuma. "Sina miwani. Nisomee."

"Kubadilisha lifti, jengo la kumi na nne, mlango wa pili. Thamani, leva laki moja na kumi na nane elfu na mia sita. Imelipwa yote. Hali ya mkataba: umetekelezwa. Mwezi wa tano, mwaka jana."

"Umetekelezwa maana yake nini?"

"Maana yake ipo, baba. Tuna lifti. Tunapanda na kushuka nayo huu mwaka wa pili."

Donka, mama yake, alirudi saa kumi na moja na nusu. Alifanya kazi masjala ya manispaa, kupokea barua na kuzigonga mhuri, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja uliokwisha kila Desemba. Walimwonyesha kabla hajavua viatu. Alitazama kioo cha kompyuta, akaenda kunawa mikono, akakawia huko.

"Labda wamekosea kuandika," alisema aliporudi. "Vijana wale wa kompyuta hukosea kila siku."

"Wewe si uko masjala? Hukuona barua yoyote?"

"Barua zinapita mia kwa siku, Kremena. Nikae nizisome zote?" Akawapakulia supu ya maharage. "Msiandike kitu. Nawaomba. Mshahara wangu unatoka kwao. Posho ya baba yako ya kukutunza inatoka kwao. Sote wawili tunakula mkononi mwao."

"Wao ndio wanaokula mgongoni mwangu," Rangel alisema. "Andika, mwanangu."

Kremena akaandika usiku huo huo, akitaja sheria ya haki ya kupata habari, kifungu kwa kifungu. Aliomba nyaraka zote za lifti, kuanzia zabuni hadi malipo.

*

Sheria inaipa manispaa siku kumi na nne. Siku ya kumi na nne, saa tatu asubuhi, simu ililia. Rangel akaenda manispaa, dirisha namba tano, akalipa leva tatu na stotinki sitini za kunakilisha, akatia sahihi kwamba amepokea kurasa thelathini na moja, akapewa bahasha nzito. Juu yake palikuwa na barua ya shukrani. Manispaa ilifurahi kuona wananchi wakifuatilia matumizi ya fedha za umma.

"Wamenishukuru," alimwambia Kremena, bado anahema. "Miaka thelathini nimechomelea vyuma kiwandani, sikuwahi kushukuriwa kwa barua."

Kremena alisoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa. Kampuni iliyoomba zabuni ilikuwa moja tu, nayo ikashinda. Kulikuwa na nyongeza ya leva elfu kumi na mbili kwa ajili ya mazingira magumu ya kazi. Kulikuwa na ankara ya chumba cha lifti cha chuma kisichoshika kutu, chenye kioo, chenye kiti cha kukunja, chenye sauti ya kutaja ghorofa.

"Sauti ya mwanamke au mwanamume?" Rangel aliuliza.

"Hawajasema."

"Waulize. Nataka kujua ni nani anayenikaribisha ghorofa ya saba."

Kremena alicheka, akafunua ukurasa wa mwisho, na kicheko kikakatika. Ulikuwa ni hati ya makabidhiano. Ilisema kwamba tarehe ishirini na tisa Mei lifti ilijaribiwa, ikapanda na kushuka mara kumi, ikapokewa bila dosari. Chini palikuwa na sahihi tatu: ya mkandarasi, ya Katibu wa Manispaa, na ya mwakilishi wa wakazi. Hiyo ya tatu Kremena aliijua tangu shule ya msingi. Ndiyo iliyokuwa ikitiwa kwenye ripoti zake za maendeleo, herufi ya kwanza kubwa iliyoviringwa na mkia mrefu unaoshuka kushoto. Ilikuwa sahihi ya mama yake.

"Endelea," Rangel alisema.

Kremena aliutelezesha ukurasa chini ya blanketi lililofunika magoti yake. "Zimeishia hapa. Wa thelathini na moja haumo."

"Ulikuwa unahusu nini?"

"Makabidhiano. Orodha ya kurasa inasema ni ule wa aliyepokea."

Rangel alisimama, akasahau ngiri, ikamkumbusha. "Si ndio wenye majina huo! Wametupa thelathini za maneno, moja ya majina wakaificha. Kesho nitakuwa pale wakifungua."

"Baba, hizi zinatosha. Tupeleke hizi."

"Bila majina hizi ni ngano tu," alisema.

Jioni Kremena alimwomba mama yake amwoshe nywele. Bafu la panelka, majengo haya ya vipande vya zege, ni dogo, kiti cha magurudumu kikiingia mlango haufungiki, kwa hiyo Donka aliurudisha kadiri ulivyokubali, akafungua maji. Rangel alikuwa sebuleni anasikiliza habari. Kremena alilaza kichwa nyuma, akafumba macho, akasema polepole:

"Mama, nimeuona ukurasa wa mwisho."

Vidole vya Donka vikasimama kwenye nywele.

"Ulitia sahihi."

"Aliniita ofisini kwake," Donka alisema. Alimaanisha Haralampiev, Katibu wa Manispaa. "Alisema chumba cha lifti kinatoka nje ya nchi, kimechelewa, kitafika Juni, lakini fedha za mradi zinarudi makao makuu Sofia zisipofungwa kabla Mei haijaisha. Zikirudi, lifti hamtaiona tena. Akaniambia, wewe si mkazi wa pale? Huyo tunayemfanyia si binti yako? Nikatia."

"Ulisoma?"

"Nilisoma. Imeandikwa ilipanda na kushuka mara kumi." Akalia bila sauti, maji yakiendelea. "Juni nilimuuliza, akasema subiri. Septemba nilimuuliza tena. Akaniuliza kama nakumbuka jina lililo chini ya ile karatasi ni la nani."

"Mwaka mzima baba ananishusha mgongoni, mama. Wewe unatangulia kutufungulia milango."

"Najua."

"Kila mara tulipita mbele ya ule mlango wa chuma."

"Najua nilipokuwa napita, Kremena. Usinihesabie." Akamimina maji, akasuuza, akafunika kichwa cha binti yake kwa taulo. "Nitamwambia mwenyewe. Nipe mpaka Jumapili, akiwa ametulia."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

*

Jumatano asubuhi, Donka alipokwisha kwenda kazini, Rangel alimvalisha Kremena, akamsogezea chai na mkate wenye jibini, akavaa koti lake la harusi za watu. Kremena alimshika mkono wa koti.

"Usiende leo. Subiri Jumapili ipite."

"Jumapili ofisi zimefungwa. Wewe vipi?"

Angeweza kumwambia pale pale. Alifungua mdomo. Lakini alikuwa amempa mama yake neno, na hakujua atakavyomtazama babake machoni akishamwambia. Rangel aliondoka. Kremena alimpigia mama yake simu mara nne, na mara zote nne simu iliita ndani ya mkoba ulioning'inia kabatini, maana masjala watumishi hawaruhusiwi kukaa na simu mezani.

Dirisha namba tano palikuwa na foleni ya watu kumi na wawili. Viliana, msichana wa habari kwa umma, alimtambua.

"Mzee Rangel! Zimesomeka vizuri?"

"Zimesomeka. Mmenificha ukurasa mmoja."

"Haiwezekani. Hii hapa sahihi yako: kurasa thelathini na moja."

"Nilipokea thelathini."

"Ungezihesabu hapa hapa, mzee wangu. Nyuma yako kuna watu."

"Mpe mtu karatasi yake!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Sisi sote tunajua mnavyotufanya!"

"Kweli kabisa!" mwingine akaunga. Rangel hakuwa amezoea kuungwa mkono. Maneno hayo yalimpanda kichwani kama rakia, pombe kali, kwenye tumbo tupu. Akawageukia watu.

"Binti yangu ana lifti yenye kioo!" alisema kwa sauti. "Leva laki moja na kumi na nane elfu! Inaongea! Na miezi hii yote mimi ndiye lifti yenyewe. Nimepasuka huku na huku. Ninachotaka ni jina tu. Nani alisimama akatia sahihi kwamba ameiona ikipanda? Nimjue huyo mwizi, nimtazame usoni, basi."

Watu wakapiga makofi. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Haralampiev mwenyewe, mtu mrefu, mpole, sweta ya kijivu.

"Kuna tatizo gani, Bwana Mitov?"

"Ukurasa wa makabidhiano."

"Viliana, mchapishie. Usimtoze." Akawatazama waliokuwa kwenye foleni. "Manispaa hii haifichi kitu. Mambo yetu yako wazi."

Mashine ilichapa. Haralampiev aliichukua karatasi ikiwa bado na joto, akampa Rangel kwa mikono miwili. Rangel alijipapasa mifukoni. Miwani ilikuwa nyumbani, kwenye koti la kazi.

"Tumia yangu," Haralampiev alisema, akaivua. "Soma kwa sauti, tafadhali. Wananchi wanataka kusikia."

Rangel alivaa miwani ya Katibu. Akasoma tarehe. Akasoma kwamba lifti ilipanda na kushuka mara kumi. Akasoma jina la mkandarasi, na la Haralampiev mwenyewe, na watu wakaguna. Kisha akasema, "Mwakilishi wa wakazi..."

"Nani?" yule mwanamke aliuliza. "Sema, usiogope!"

Kwenye mlango wa masjala, mwisho wa ukumbi, Donka alikuwa amesimama na mhuri mkononi. Alikuwa amesikia sauti ya mumewe ng'ambo ya ukuta, akatoka. Rangel alimwona juu ya miwani.

"Donka Mitova," alisema.

Mtu mmoja nyuma akacheka, si kwa ubaya, ni kicheko tu kilichomponyoka, na mwanamke aliyekuwa akipaza sauti akaanza kutafuta kitu mkobani mwake. Rangel alivua miwani, akamrudishia mwenyewe.

"Asante," alisema.

Baadaye, alipolikumbuka jambo hilo, hakuna kilichomchoma kama ile asante.

*

"Ulijua," alimwambia Kremena alipofika juu.

"Tangu jana."

"Na ukaniacha niende."

"Nilikuomba usiende."

"Kuomba si kusema." Akakaa na koti lake, hakulivua mpaka Donka aliporudi. Donka aliingia, akasimama katikati ya jikoni na mkoba begani kama mgeni aliyekosea mlango.

"Ulipata nini?" Rangel alimuuliza.

"Sikupata kitu."

"Leva mia tano? Mia mbili?"

"Hata stotinki moja, Rangel. Naapa kwa huyu mtoto."

"Basi hata kuiba hujui."

"Nilipata mkataba wa mwaka mmoja," Donka alisema. "Hicho ndicho nilichopata. Umekula wewe, amekula yeye, tumelipia kupasha nyumba joto msimu mzima wa baridi. Sikununua hata soksi."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini? Ungeenda kupiga kelele kama leo."

Rangel alisimama akaenda chumbani. Tangu siku hiyo hakumtukana mkewe wala kumpigia kelele. Aliacha tu kusema naye. Chumvi aliifuata mwenyewe upande wa pili wa meza.

Tarehe mosi Oktoba ikafika, ikapita. Katikati ya mwezi Nedyalka alipanda ghorofa saba na sanduku la peremende, uso umemwiva kwa kuhema. Alikuwa ameajiri msichana mwingine. Asingeweza kungoja zaidi, msimu wa kodi unakaribia.

"Meza nimeiacha vile vile," alisema. "Huyu naye ni mfupi."

"Vizuri," Kremena alijibu. "Ingekuwa hasara kuitupa."

Nedyalka alipoondoka, Donka alichukua kalamu, akaandika kurasa nne kwa mkono wake: siku aliyoitwa, aliyoambiwa, aliyojibu, jinsi alivyouliza mara mbili. Hakumwonyesha mtu. Aliomba ruhusa ya saa moja kazini, akaenda kwa mwendesha mashtaka wa wilaya. Afisa aliyempokea alikuwa kijana wa mji wetu huu huu, na alizisoma zote bila haraka.

"Mama, unaelewa kwamba hapa umejishtaki mwenyewe?"

"Naelewa. Nimemshtaki na yeye."

"Una shahidi aliyesikia akikuamuru?"

"Tulikuwa wawili tu."

"Kuna barua? Ujumbe wa simu?"

"Aliniita kwa mkono, kutoka mlangoni."

Kijana akakuna shingo. "Unaweza kuzichukua ukaondoka. Mimi bado sijazigonga mhuri."

Donka, aliyegonga mhuri kwenye karatasi za watu miaka tisa, alizitazama kurasa zake nne pale mezani. Mtu angedhani atazichukua.

"Gonga," alisema.

*

Majibu yalikuja mwishoni mwa Novemba, nayo yalifuata sheria neno kwa neno. Maafisa wa manispaa hawakuwa na kosa, kwa kuwa walitegemea tamko la mwakilishi wa wakazi. Kampuni ilikuwa imeshafungwa na mwenyewe yuko nje ya nchi. Mwakilishi wa wakazi alikuwa amekiri kwa maandishi kuthibitisha jambo lisilo la kweli. Kwa kuwa alikuwa na rekodi safi na alijileta mwenyewe, hakimu alimwondolea kifungo, akamtoza faini ya leva elfu moja. Tovuti ya manispaa iliweka habari hiyo chini ya kichwa cha uwazi: ukiukaji umebainika, hatua zimechukuliwa.

Desemba mkataba wa Donka haukuandikwa upya. Hakuna aliyemfukuza, ulikwisha tu.

Kremena aliandika tena, safari hii wizarani Sofia, akiuliza ni lini lifti itawekwa, maana sasa imethibitishwa na mahakama kwamba haipo. Jibu lilikuwa la heshima. Mradi huo, mmoja kwa jengo moja, hauwezi kugharimiwa mara ya pili kabla ya miaka mitano kupita tangu makabidhiano. Makabidhiano yalifanyika. Walimshauri aombe tena baada ya tarehe ishirini na tisa Mei, miaka mitatu na nusu mbele.

"Wamekosea?" Rangel aliuliza.

"Hapana," Kremena alisema. "Nimeangalia kanuni. Hawajakosea popote."

Januari ilikuja kamati kupima hali ya Kremena. Watu watatu walipanda, wakala biskuti, wakamwambia anyanyue mikono. Akainyanyua. Wakaandika kwamba mikono ni mizima, wakapunguza saa za kumtunza kutoka nane hadi nne kwa siku, na posho ya Rangel ikakatwa nusu. Haralampiev hakuhusika. Labda kweli hakuhusika. Jambo la namna hiyo katika mji wetu halijulikani, ndiyo maana linaogopesha.

Donka alipata kazi ya kusafisha ngazi za majengo manne, na la kwao likiwamo. Alikuwa akipiga deki kuanzia ghorofa ya nane kushuka chini. Wanawake aliokuwa akiwapokelea barua walimpisha bila kumsalimu, na Bibi Tsena, aliyewapikia mafundi kahawa, alimwambia siku moja: "Mwanangu, si ungesema tu hukujua kusoma?"

*

Mwezi wa pili Kremena aliwaita wote wawili jikoni. Karatasi ilikuwa mbele yake.

"Nimepata nafasi kwenye makao ya watu wenye ulemavu, mjini Vratsa," alisema. "Ghorofa ya chini. Kuna bustani, na mlango hauna kizingiti. Niliomba Desemba. Nina miaka ishirini na mitatu, natia sahihi mwenyewe."

"Haiwezekani," Rangel alisema.

"Baba, sijagusa ardhi tangu Julai."

"Nitakubeba. Nitavaa mkanda, daktari alisema kuna mkanda..."

"Utakufa kwenye ngazi nami nikiwa juu yako. Halafu mama atusafishe sote wawili."

Donka alitoa mashati ya Kremena kabatini, akaanza kuyapiga pasi, hata yale yaliyokuwa safi na yamenyooka.

Waliondoka naye siku ya tatu ya Machi. Wahudumu wawili wa gari la wagonjwa walimshusha kwenye kiti cha kitambaa, vijana wenye nguvu, dakika sita tu, wakipiga soga za mpira. Rangel alifuata na mto mkononi, kwa sababu mto ndio uliokuwa chini ya kilo tano. Chini, hewa ilikuwa baridi na jua kali. Kremena alifumba macho, akayafumbua.

"Kaka," alimwambia dereva, "nipe nusu saa. Nataka kufika sokoni."

Dereva alitazama saa, akamtazama yeye. "Ishirini. Nitavuta sigara mbili."

Wakaenda watatu, Donka akisukuma kiti. Barabara ya soko ilikuwa na meza za nyuzi nyekundu na nyeupe ambazo watu hujifunga kila Machi inapoingia, zimebaki zile zisizouzika, zimeshushwa bei. Watu waliwaona. Wengine walisalimu. Rangel alinunua mekitsi tatu, maandazi ya moto yenye sukari, akampa Kremena moja, akabaki na mbili mkononi, akasimama hivyo kitambo. Kisha akamnyooshea mkewe moja bila kumtazama. Donka akaipokea.

Walikula mbele ya posta, juani. Kremena alilamba sukari vidoleni, akatazama ofisi ya Nedyalka upande wa pili, mlango wake usio na kizingiti, na msichana mfupi akiingia na bahasha kifuani.

Dereva akapiga honi.

Donka alipiga magoti, akajifanya anarekebisha sehemu za kuwekea miguu. "Kremena," alisema chini chini, "utanisamehe?"

Kremena alifikiri. Hakutaka kumdanganya siku hiyo.

"Sijui, mama," alisema. "Nikijua nitakupigia."

Wakampandisha garini, wakafunga kiti kwa mikanda minne. Gari lilipita posta, likapita kiwanda kilichofungwa, likashika njia ya Vratsa. Rangel na Donka walibaki wamesimama kando ya barabara mpaka halikuonekana tena, yeye na mto aliosahau kumpa binti yao, mkewe na karatasi ya mekitsi yenye mafuta aliyokuwa akiikunja na kuikunja mpaka haikukunjika zaidi.